Nyumba ya Mungu si bwawa la samaki

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalinunua tangu enzi lilipokuwa likifika Moshi jioni na basi la kutoka Dar es Salaam, na sijawahi kukuandikia. Mmekosea majina ya wachezaji, mmeihamishia Same mkoa wa Tanga, nimenyamaza. Ila ile makala ya historia ya mabwawa ya umeme, ukurasa mzima na picha ya Rufiji iliyopigwa kutoka angani, imenishinda kumeza.

Kuhusu Rufiji mwandishi wenu wa Arusha aliandika vizuri tu. Megawati 2,115, mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jiwe la msingi Julai 2019, mtambo wa kwanza kuingiza umeme kwenye gridi Februari 2024. Sina ugomvi na hayo, ingawa ukimsoma utadhani wazo lenyewe lilizaliwa juzi, wakati Rubada, mamlaka ya kuendeleza bonde la Rufiji, iliundwa mwaka 1975 kwa ajili ya bonde hilohilo. Alipopanda huku kwetu ndipo alipoharibu. Aliandika kwamba kaskazini hakuna bwawa la umeme la kuzungumzia, kuna Nyumba ya Mungu "ambalo ni bwawa la samaki". Basi. Akarudi zake Rufiji.

Sentensi hiyo nayo ingepita kama zilivyopita nyingine, kama si mjukuu wangu. Yuko darasa la sita. Walipewa kazi ya nyumbani, wataje vituo saba vya umeme wa maji nchini. Akaniuliza, nikamtajia: Kidatu, Mtera, Kihansi, Hale, Pangani, Nyumba ya Mungu, Rufiji. Ijumaa akarudi na daftari. Sita zina vema, Nyumba ya Mungu ina kosa kubwa la kalamu nyekundu, na pembeni pameandikwa: "Bwawa la samaki." Mtoto ananitazama kama niliyemuuza. Jumatatu nikavaa koti la kanisani nikaenda shuleni. Mwalimu wake ni binti mwenye adabu, akaniamkia, akanipa kiti, akanisikiliza nilivyomweleza kwamba nimefanya kazi kituo cha Hale miaka kumi na tisa na maji ya Nyumba ya Mungu nayafahamu kama ninavyofahamu choo changu. Nilipomaliza akavuta droo. Akatoa gazeti lako, limekunjwa vizuri, sentensi ile imepigiwa mstari kwa rula. Akaniambia taratibu, "Babu, mimi nafundisha kilichoandikwa." Ungemjibu nini, mhariri? Mimi sikuwa na karatasi. Nilikuwa na masikio yangu tu, ambayo nusu ya usikivu wake niliiacha kule chini ya ardhi penye mitambo.

Sasa na mimi naandika, ili siku nyingine niende na karatasi.

Ukuta wa Nyumba ya Mungu ulikamilika mwaka 1965. Mitambo yake miwili, megawati nne kila mmoja, ikaanza kazi 1968. Jumla megawati nane. Najua ni kidogo, Rufiji mtambo mmoja tu unaimeza mara ishirini na tisa na chenji inabaki. Lakini anayelipima bwawa lile kwa megawati zake nane ni kama anayepima ghala kwa ukubwa wa kufuli. Mito miwili inaingia pale: Kikuletwa, unaokusanya maji ya Meru na ya kusini mwa Kilimanjaro, na Ruvu, unaotoka upande wa Ziwa Jipe. Masika inakuja na maji mengi kwa mkupuo. Bila ukuta ule yangeshuka yote mpaka Pangani na kumwagika baharini, na ikifika Septemba huku chini pamebaki mawe. Bwawa linayashika, linayatoa kwa kipimo. Yakitoka yanazungusha mitambo ya pale pale, yanasafiri siku kadhaa kupita vinamasi na mashamba ya mkonge, yanafika Hale yanazungusha megawati 21 zilizojengwa mwaka 1964, yanashuka tena mpaka kituo cha Pangani, megawati 68, ambacho Ufini, Norwei na Uswidi walisaidia kukijenga na kikaanza 1995. Maji yale yale, kazi mara tatu kabla hayajaonja chumvi. Jumlisha mwenyewe, ni megawati 97, na kiangazi zote zinategemea hilo "bwawa la samaki". Pale Hale, miezi ya ukame, swali la kwanza asubuhi kabla hata ya chai lilikuwa moja: "Nyumba ya Mungu wamefungua kyubiki ngapi?" Yaani mita za ujazo za maji. Mtu aliyekuwa kwenye redio akitaja namba tunaandika kwenye kitabu, na kwa namba hiyo tunajua kama mtambo wa pili utalala au utaamka. Mgao wa mwanzoni mwa miaka ya tisini niliusoma kwenye kitabu kile kabla haujatangazwa redioni.

Na kinachonikera zaidi ni kwamba mwandishi anakaa Arusha. Mto Themi unapita katikati ya mji wake, unaingia Kikuletwa, Kikuletwa unaingia Nyumba ya Mungu. Maji anayoogea asubuhi na tope analokanyaga mvua ikinyesha, yote yanaishia kwetu. Hilo tope, kwa taarifa yake, linazidi kulijaza bwawa, lakini hiyo si habari kwa sababu haina picha ya angani.

Simfanyi bwawa kuwa malaika. Kinamasi cha Kirua huku chini kilisinyaa baada ya mafuriko kudhibitiwa, na watu waliokuwa wakivua na kulisha ng'ombe mle wana lao la kusema. Andikeni hilo pia.

Halafu hao samaki wenyewe! Miaka ya mwanzo ya sabini malori yalikuwa yakitoka kule usiku yamejaa perege, barabara nzima inanuka. Leo nenda soko lolote mjini hapa uulize perege wa Nyumba ya Mungu. Mwezi uliopita mama mmoja aliniapia kwa Mungu aliye hai kwamba wake wametoka bwawani alfajiri. Nimefika nyumbani, tumbo la samaki lina barafu ngumu kama jiwe la kiberiti. Tangu lini Mwanga, wilaya lilipo bwawa, kuna barafu? Wametoka kwenye katoni, mhariri, wamevuka bahari, wamevikwa jina la bwawa letu. Kwa hiyo umeme mmetunyang'anya kwa kalamu, na samaki tunanyang'anywa kwa katoni. Tutabaki na jina.

Naomba mambo mawili. La kwanza, masahihisho, tena ukurasa ule ule na kwa herufi zile zile, si kule chini ya matangazo ya viwanja mnakozika makosa yenu. La pili, mwandishi wenu apande Coaster ya Mwanga siku ya kawaida, si kwa gari la ofisi, kisha achukue bodaboda mpaka ukutani. Asimame upande yanakotoka maji, mahali ambapo ukiweka mguu chini unahisi ardhi inatetemeka kidogo, akae hapo dakika kumi bila simu. Akirudi apitie kwa wavuvi aninunulie perege wawili, awatazame macho kwanza, nitamrudishia hela yake.

Masahihisho yakitoka nitayakata kwa mkasi, nitayapiga mstari kwa rula, nitampelekea yule binti. Mjukuu wangu anadaiwa alama moja, na muhula unafungwa tarehe kumi.

Mstaafu,
Pasua, Moshi