YAH: SILINDA YENU YA KITASA CHA MAZOEZI, IMEGOMA HATA KUBADILISHWA PINI

Kwenu huduma kwa wateja,

Habari za kazi. Hii ni mara ya tatu naandika, zile mbili za mwanzo nilituma meseji mkanijibu "ongeza mazoezi ndugu mteja", sasa nimeona niandike barua kabisa labda itasomwa na mtu.

Mi najifunza ufundi funguo hapa Tandika, nakaa na mzee mmoja chini ya mwavuli, hadi sasa kazi yangu ni kushika tupa na kuchonga funguo tu. Mzee akanambia nikitaka kujua kumfungulia mtu aliyepoteza funguo bila kumvunjia kitasa nitafute silinda ya mazoezi, yaani kile kipande cha kitasa kinachoingia funguo, ila cha kujifunzia, ile unayotoa pini (vile vichuma vidogo vinavyozuia kitasa kisigeuke) na kuweka nyingine mwenyewe. Ndo nikaona tangazo lenu, "kwa wanaoanza, matundu sita, badili pini upendavyo", nikalipa 45,000 kwa simu, na hiyo kwangu si hela ndogo.

Sasa kitu cha hivyo unakinunua ili uanze na tundu moja lenye pini, mengine yakae matupu, ukishaizoea mkononi unaongeza la pili, la tatu, mpaka yote. Yenu imekuja imejaa matundu yote sita, juu ya kila tundu kuna kaskrubu ka kufungua kwa alenkii, na alenkii mliyoweka kwenye boksi ni ndogo, inazunguka tu mle ndani kama kijiko kwenye chai. Yaani kufuli ya kujifunzia kufungua, yenyewe haifunguki!

Nikasema basi nijaribu hivyohivyo na sita zake. Wiki mbili, kila usiku, chuma cha kukazia mkono wa kushoto, kijiti cha kuchokonolea mkono wa kulia, nasukuma pini mojamoja, nasikia tik, tik, kiini, kile cha katikati kinachozunguka na funguo, kinageuka kidogo halafu kinagoma, nikisukuma tena kinarudi nyuma na pini zote zinashuka naanza upya. Mke wangu akaniuliza kama nimeamua kuwa mwizi niseme mapema ajue anarudi kwao.

Jumamosi nikampelekea mzee. Kahangaika nayo kidogo, ikafunguka, akacheka. Akaazima alenkii kwa fundi baiskeli wa jirani, saizi moja juu ya ile yenu, ikakaa sawasawa, akatandika kitambaa maana springi zile zikirukia mchangani ndo basi tena. Akamwaga tundu la kwanza kiganjani: springi, pini ya juu, pini ya chini. Ile ya juu imekatwa kiunoni, imebonyea kama bobini ya cherehani. Tukafungua yote, tano kati ya sita ziko hivyo. Mzee anasema hizo zimetengenezwa makusudi kumhadaa anaechokonoa, kiini kinageuka kidogo unadhani umemaliza kumbe kile kiuno kimenasa mpakani mwa kiini na ganda lake, inabidi ulegeze mkono wa kukazia taratibu, ukilegeza sana zinashuka zote. Sasa huyo ndo anaeanza? Na kipakiti cha akiba mlichokisifia kina pini za chini tupu, hakuna hata moja ya juu iliyonyooka, kwa hiyo hata alenkii ingeingia ningebadilisha nini na nini?

Ninachotaka: pini sita za juu zilizonyooka, springi za akiba na alenkii inayoingia, mlete kwa gharama zenu. Kama hamna, rudisheni 45,000 yangu kwa namba ileile niliyolipia. Na lile neno "kwa wanaoanza" litoeni kwenye tangazo, kuna mwingine atakesha bure kama mimi. Picha za pini pembeni ya rula nimeambatanisha, msije mkasema nimezichonga mwenyewe na tupa.

Silinda ipo kwa mzee, pini zake zipo kwenye kifuniko cha ndoo, hazijapotea hata moja. Mkija kuichukua njooni kabla ya saa kumi na moja jioni, baada ya hapo mwavuli unakuwa umeshakunjwa.

Mteja wenu, mwanafunzi wa funguo, Tandika