Barua ya wazi kwa walimu wa darasa la ubatizo: fundisheni Matendo 15 kuanzia mezani

Wapendwa walimu na wazee wa kanisa,

Bwana Yesu asifiwe.

Nawaandikia juu ya somo ambalo wengi hulimaliza kwa kipindi kimoja: jinsi kanisa la kwanza lilivyowapokea waamini wasio Wayahudi. Lipeni vipindi vinne. Sura zake ni Matendo 10, 11 na 15, kisha Wagalatia 2. Hiyo ya mwisho msiiruke, maana asiyeisoma huondoka akidhani kikao cha mitume na wazee huko Yerusalemu kilikata neno na mambo yakanyooka.

Kwanza waonyesheni wanafunzi uzito wa jambo. Kosa la kawaida ni kuwachora Wayahudi walioamini waliodai waamini hao watahiriwe kama watu wa roho mbaya. Mnamo mwaka 167 K.K. mfalme Antioko Epifane, aliyewatawala Wayahudi, aliipiga marufuku tohara, na kitabu cha kwanza cha Wamakabayo kinaeleza kwamba akina mama waliotahirisha watoto wao waliuawa, na wengine walikubali kufa kuliko kula chakula najisi. Watu waliorithi ushuhuda huo wangeiachaje tohara kwa neno moja? Isitoshe, Wayahudi wenyewe walikuwa na maoni tofauti kuhusu mgeni amchaye Mungu. Yosefo, mwanahistoria Myahudi, anasimulia habari za Izate, mfalme wa Adiabene: Anania, mfanyabiashara Myahudi, alimwambia anaweza kumwabudu Mungu bila kutahiriwa, baadaye akaja Eleazari kutoka Galilaya, akamhimiza aitimize Torati yote, naye akatahiriwa. Na pale hekaluni Yerusalemu palikuwa na ukuta mfupi wenye maandishi ya Kigiriki: mgeni atakayeuvuka, kifo chake ni juu yake mwenyewe. Jiwe moja la maandishi hayo lilipatikana mwaka 1871 na sasa liko Istanbul. Mwambieni mwanafunzi habari za jiwe hilo kabla hajasoma Waefeso 2:14 kuhusu kiambaza kilichobomolewa, ndipo mstari utamwingia.

Sasa Kornelio, akida wa Kirumi kule Kaisaria. Someni Matendo 10 polepole, mkiangalia nini kilitangulia nini. Petro yuko Yafa, nyumbani kwa Simoni mtengenezaji wa ngozi, anaona maono saa sita mchana. Anawakaribisha wajumbe walale. Kesho yake anaondoka nao, pamoja na ndugu sita. Anaingia nyumbani mwa mtu wa Mataifa. Anahubiri, na kabla hajamaliza Roho anawashukia wasikilizaji. Ubatizo unafuata, na baada yake Petro anakaa nao siku kadhaa. Katika mfululizo huo wote hakuna sharti lolote la desturi.

Kisha fungueni Matendo 11:3, na hapa msiharakishe. Petro anaporudi Yerusalemu halaumiwi kwa kubatiza. Analaumiwa kwa kuingia kwa wasiotahiriwa na kula nao. Mzozo wote ulikuwa mezani, na mwalimu asiyeona hilo ataifundisha sura ya 15 kama orodha ya makatazo.

Sura ya 15 inaanzia Antiokia, mji wa Shamu ambako Wayahudi na Wayunani waliamini na kukusanyika pamoja, na ambako wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Watu walishuka kutoka Uyahudi wakifundisha: “Msipotahiriwa kama desturi ya Musa, hamwezi kuokoka.” Ndipo Paulo na Barnaba wakatumwa Yerusalemu, karibu na mwaka 49 B.K. Petro alisimulia yaliyompata, Barnaba na Paulo wakaeleza kazi ya Mungu kati ya Mataifa, na Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, akahitimisha kwa maneno ya nabii Amosi. Tohara haikudaiwa. Waliombwa kujiepusha na mambo manne: vilivyotolewa sadaka kwa sanamu, damu, vilivyosongolewa, na uasherati.

Kwa nini hayo manne? Fungueni Mambo ya Walawi 17 na 18, sheria zinazomhusu pia mgeni akaaye kati ya Israeli. Humo mna sadaka nje ya hema, damu, mnyama ambaye damu yake haikumwagwa, na zinaa, karibu kwa mpangilio uleule wa Matendo 15:29. Mimi naona jibu liko hapo. Barua ile ilimwezesha Myahudi kukaa na mgeni bila dhamiri kumsuta, na mgeni alibaki mgeni, hakulazimishwa kuwa Myahudi.

Darasani lazima mtaulizwa: je, kula mutura (utumbo uliojazwa nyama na damu) au kisusio (mchuzi wa damu) ni dhambi? Msijibu kwa kubahatisha. Wakristo wa mwanzo walilichukua katazo la damu kwa uzito. Katika mateso ya Lyon mwaka 177, Biblis, mwanamke Mkristo, aliwajibu waliodai kwamba Wakristo hula watoto: watawezaje kula watoto watu ambao hawaruhusiwi hata damu ya wanyama? Karibu mwaka 197 Tertuliano wa Karthago, mwandishi Mkristo, aliandika kwamba watesi waliwajaribu Wakristo kwa soseji zilizojazwa damu, wakijua hawatazila. Askofu Augustino, miaka mia mbili hivi baadaye, alieleza kwamba katazo la nyama ya kusongolewa lilikuwa la wakati ule, Wayahudi na Mataifa walipokuwa wakiungana katika kanisa moja, na kwamba katika siku zake wachache tu waliendelea kulishika. Makanisa ya Mashariki yaliendelea kulishika katazo hilo. Mwelezeni mwanafunzi historia hiyo yote, kisha mweleze msimamo wa kanisa lenu. Uasherati usiuchanganye na swali hilo; Paulo anaukataza waziwazi katika 1 Wakorintho 6, tena kwa sababu isiyohusu meza.

Nyama ya sanamu ina somo lake. Katika 1 Wakorintho 10 Paulo anaruhusu kula chochote kiuzwacho sokoni bila kuuliza. Lakini mtu akikuambia kwamba kimetolewa sadaka, usile, kwa ajili yake. Kuketi kwenye meza ya sanamu anakataa kabisa.

Kipindi cha nne ni Wagalatia 2:11-14. Petro alikuwa akila na watu wa Mataifa huko Antiokia. Walipofika watu kutoka kwa Yakobo, akajitenga, na Barnaba naye akavutwa. Hakuna aliyetamka fundisho jipya; viti tu vilihama. Paulo akamkemea Petro mbele ya wote. Waulizeni wazee wenzenu: katika sherehe za kanisa letu, waongofu wapya hukaa na nani, na nani huwapakulia?

Mwanafunzi makini atawauliza kwa nini Tito hakutahiriwa ilhali Timotheo alitahiriwa, wote wawili wakiwa wasaidizi wa Paulo. Tito alikuwa Myunani, na watu walitaka tohara iwe sharti la kupokelewa; Paulo akakataa. Timotheo mama yake alikuwa Myahudi, na Paulo alimtahiri kwa sababu ya Wayahudi wa sehemu zile ambako wangefanya kazi pamoja. Kwa hiyo kila desturi mnayomtaka mwongofu aifuate, iwe jina jipya, mavazi au aina ya ndoa, iulizeni kwanza: ni ya kumpokea, au ni ya kumsaidia afanye kazi kati ya watu fulani? Ikiwa ni ya kumpokea, isomeni pamoja na Wagalatia 2:3 kabla hamjamwandikia tarehe ya ubatizo.

Mzee wenu katika Kristo.