Ukuta wa nyumba yako ya mawe huko Cotswolds, Uingereza, unalowa? Angalia saruji kwanza

Simu tunazopata sana sisi mafundi wa kuta za mawe kipindi cha baridi ni za aina moja tu, ukuta wa chini una unyevu, rangi inabanduka, chumba kinanuka ukungu, na kuna jamaa keshapita akasema pigeni dawa ya kuzuia maji halafu mpake saruji upya. Jamani subirini kwanza, hiyo saruji mara nyingi ndo tatizo lenyewe.

Hizi nyumba za mawe ya rangi ya asali zilijengwa kwa chokaa. Chukua zile za Arlington Row pale kijiji cha Bibury, zilianza karne ya 14 kama stoo ya sufu, karne ya 17 zikageuzwa nyumba za wafumaji, na saruji ya Portland, hii ya kawaida ya leo, yenyewe imepata hati miliki 1824. Ukuta wa zamani ni kuta mbili za mawe zimepakana, katikati wamejaza vipande vya mawe na udongo, unene nusu mita au zaidi, msingi mfupi na chini hakuna chochote cha kuzuia maji. Mvua ikipiga inaingia kidogo, jua na upepo vikija maji yanatokea kwenye chokaa iliyo kati ya mawe kwa sababu chokaa ni laini na inapitisha unyevu kuliko jiwe, basi, ukuta umekauka. Waliojenga Unguja na Lamu kwa mawe ya matumbawe wanaijua hii habari vizuri.

Sasa ukiziba hapo kati ya mawe kwa saruji maji yanakosa njia, yanatokea kwenye jiwe, baridi ikishika yanaganda na uso wa jiwe unamomonyoka. Nenda nje uangalie mwenyewe, ukiona mistari ya saruji imebaki imetokeza na mawe yameliwa kwa ndani, ndo hiyo.

Sisi tukija hatuanzi na ukuta, tunaanza na gata na mabomba ya mvua, halafu udongo wa bustani kama umepanda juu kuliko sakafu ya ndani (hii inatokea mno na watu hawaioni!). Baada ya hapo saruji tunaitoa kwa tindo na nyundo, taratibu, grinda hapana maana inakata kona za mawe, kisha tunajaza chokaa na mchanga wa chembe mchanganyiko na kufunika magunia mabichi ili isikauke haraka. Barafu ikianza hatufanyi kazi hiyo kabisa, kwa hiyo wa Aprili wekeni nafasi mapema.

Kama nyumba iko kwenye orodha ya majengo ya kihistoria, na huko ziko nyingi, muulize afisa wa halmashauri kabla hujagusa kitu, kubadilisha jengo la aina hiyo bila kibali ni kosa la jinai, sio faini ya parking. Ukitutafuta tutumie picha za ukuta nje na ndani, na moja ya gata mvua ikiwa inanyesha.