Barua kwa mwanangu: viazi vya tabaka kwa jiko la mkaa

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Umeniomba vile viazi vya nyama vya tabaka, na kwa simu kila mara unanisikia nusu. Basi isome barua mpaka mwisho kabla hujawasha jiko.

Viazi kilo 1, nyama ya kusaga nusu kilo, maziwa nusu lita. Hapo Dodoma sokoni ulizia viazi vya Lushoto au vya Mbeya, vigumu, visivyochipua. Palipo na ukijani pana sumu, pakate patoke kabisa. Wala usivitie kwenye friji: wanga wake hugeuka sukari, na vikipata moto huwa vyeusi.

Kazi kubwa ni kuyashinda maji. Nyama ikaange na kitunguu maji, thomu, tangawizi, bizari nyembamba na pilipili manga mpaka ikauke na uisikie ikilia kwenye mafuta. Najua mkono wako hauachi nyanya (hata chai ungeitia), lakini safari hii iache, ukali wake hukata maziwa. Ndimu nayo isubiri mezani.

Viazi vioshe, vimenye, ukate vipande vyembamba, unene wa milimita 3 hivi. Ukishakata, usivioshe tena! Ule weupe unaoganda kisuni ndio wanga utakaoyafanya maziwa yawe mazito na tabaka zishikane. Ukiuosha utapakua mchuzi. Yachemshe maziwa kwa chumvi na kungumanga kidogo, tumbukiza vipande, ukoroge taratibu dakika 5. Wapo wanaotia tui badala ya maziwa. Tamu sana, ila lisichemke kwa nguvu, litakatika.

Paka siagi sufuria nzito. Panga viazi, nyama, viazi, nyama, umalizie na viazi, kila kipande kikipanda mgongo wa mwenzake kama makuti. Maziwa yaliyobaki yamiminie juu.

Sasa moto. Wengi huharibu hapa kwa kujaza makaa chini. Chini weka machache, yaliyokwisha kuvaa majivu, na mengi uyapalie juu ya kifuniko cha bati. Ipe saa nzima, na usifunue kila dakika kuchungulia. Ukipikia kwenye oveni ya dada yako, nyuzi 180, saa 1 na robo. Choma kisu katikati. Kikizama bila kukwama, vimeiva.

Ukiepua, acha vitulie dakika 20. Wageni watakodoa macho, waache wakodoe, wape kachumbari kwanza. Ukikata vikiwa vya moto, tabaka zote zitamwagika kwenye sahani. Vikibaki, kesho yake vikaange kidogo unywee chai, mimi huvipenda hivyo kuliko vya jana yake.

Dada yako akija huko atakuletea sufuria yangu ndogo. Kifuniko chake kimepotea, kwa hiyo tafuta bati mapema.

Mama yako, Tanga