Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024/2025: Habari za Ubao

Wazee wangu, manahodha, ndugu wanachama, assalamu alaykum.

Ada, madeni ya injini na ule mgogoro wa mahali pa kupweleka mashua mtavisikia kwa mhazini na katibu. Wao ndio wenye makaratasi. Mimi leo nitasema zaidi juu ya ubao wetu wa kufuatilia njia za vimbunga, maana mwaka huu nusu ya maswali niliyoulizwa pale pwani yalikuwa ya ubao, na nusu ya lawama vilevile.

Ubao ulizaliwa na kimbunga Hidaya. Mei 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitutangazia mapema, na ramani zikajaa kwenye simu. Kila mtu aliiona ile picha: mstari katikati, na umbo linalotanuka mbele yake kama mdomo wa zumari. Mstari ulielekea Mafia. Basi hapa Kilwa Masoko wengi wetu tukashusha pumzi, tukasema kinakwenda kwa wenzetu. Tarehe 4 Mei kikaingia Mafia kweli na kuishiwa nguvu. Na barabara ikakatika Somanga, ndani ya wilaya yetu, kwa mvua.

Tuliisoma zumari vibaya, na mimi nilikuwa mmoja wa wasomaji hao. Upana wake si ukubwa wa dhoruba. Unaonyesha kitovu cha kimbunga kinaweza kupita wapi, basi, na unatanuka kwa sababu utabiri wa siku ya nne una mashaka kuliko wa kesho. Kituo cha vimbunga cha Marekani, ambacho mchoro wake umeigwa sana, kinaeleza kwamba kitovu hubaki ndani ya umbo hilo kama mara 2 kwa kila 3. Ya tatu kinatoka. Mvua nayo haina habari na umbo hilo kabisa.

Kwa hiyo tukanunua plaiwudi moja ya futi 8 kwa 4, tukaipaka rangi ya boti, tukaichora bahari: kutoka digrii 5 hadi 17 kusini, na kutoka 38 hadi 60 mashariki. Kila digrii ni sentimita 10, yaani upana wa kiganja pamoja na kidole gumba, na kiganja hicho ni maili 60 za baharini. Hakuna nahodha anayeshindwa hesabu hiyo. Kila taarifa ya kituo cha vimbunga cha Réunion, kisiwa cha Wafaransa mashariki ya Madagaska, ikitoka, mwenye zamu anapigilia msumari mahali kitovu kilipo na kuvuta uzi kutoka msumari uliotangulia. Pembeni tumeweka rangi tatu za Mamlaka yetu: manjano kwa angalizo, chungwa kwa tahadhari, nyekundu kwa tahadhari kubwa. Rangi inafuata tangazo la Mamlaka peke yake. Mwenye zamu haruhusiwi kupandisha rangi kwa sababu goti linamuuma.

Mzee mmoja aliuliza kwa nini tusubiri misumari wakati simu inaonyesha yote. Jibu nililipata mwenyewe nikiwatazama watu. Kwenye simu unaona picha ya leo. Kwenye ubao unaona kimbunga kinavyotembea: misumari ikikaribiana kimepunguza mwendo, ikiachana kinakimbia.

Kosa letu la kwanza lilikuwa la saa. Taarifa za Réunion hutumia saa za Greenwich. Mwenye zamu akaandika "saa 12" kama alivyoikuta, watu wakaelewa saa kumi na mbili jioni, kumbe ni saa tisa alasiri. Dawa yake ni rahisi kuliko tulivyodhani: toa tatu. Vipimo vya saa 6, 12, 18 na 0 kwetu vinakuwa saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri, saa tatu usiku na saa tisa usiku. Sasa imeandikwa juu ya ubao kwa rangi nyeupe.

La pili liliniuma zaidi. Desemba kilipokuja kimbunga Chido, kilipiga visiwa vya Agalega, tarehe 14 kikaivunja Mayotte, na tarehe 15 kikaingia Mecufi, Msumbiji. Kwenye ubao, Mecufi iko viganja vinne na kidogo kusini yetu. Wakati misumari inasogea, mmoja wetu akarusha kwenye kundi la simu ramani ya Hidaya ya Mei, haina tarehe, na mshale wake umeelekea Mafia. Mashua zikavutwa juu, wengine wakapoteza siku mbili za kazi bure. Simtaji, ameshaomba radhi. Tangu hapo ramani isiyo na tarehe na saa inafutwa kundini, awe ameituma nani. Dikeledi ya Januari na Jude ya Machi zote zilielekea Nampula, Msumbiji, nasi tukaziandika bila kelele.

Kijana wetu aliyesomea kompyuta alipakua njia za vimbunga vya miaka mingi, ambazo hutolewa bure, akazichora zote kwenye karatasi moja. Madagaska na mlango wa Msumbiji ni weusi mtupu kwa mistari. Kaskazini ya mto Ruvuma ni mistari ya kuhesabu, kwani karibu na ikweta mzunguko wa dunia hausaidii sana upepo kujisokota. Lakini michache si hakuna. Aprili 1872 kimbunga kilivunja merikebu za Sultani Barghash bandarini Unguja na kung'oa mikarafuu. Pemba ikasalimika, na ukuu wake katika karafuu ukaanzia hapo. Aprili 1952 kingine kikapiga Lindi, jirani zetu.

Jambo ambalo bado halimo ubaoni ni mwezi. Hidaya ilifika mwezi 25 Mfunguo Mosi, maji ndiyo kwanza yanatoka kwenye mafu, yaani siku ambazo hayapandi sana. Ingekuja siku nne au tano baadaye ingekutana na bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na kwetu bamvua hupanda zaidi ya mita 3 kutoka maji makavu. Naomba mkutano uruhusu kuongeza ukanda chini ya ubao wenye siku za bamvua za msimu mzima, tuone misumari na maji kwa pamoja. Gharama yake ni rangi na siku moja ya fundi.

Naomba pia ubao wa pili upelekwe Somanga. Wenzetu wa kule wanasema wao hawahitaji kuona kitovu, wanataka kuonyeshwa maji ya mto yalifika wapi safari iliyopita. Wako sahihi. Tutaanza kwa kupiga alama za rangi kwenye kuta za nyumba ambazo wenyewe watakubali.

Zamu za ubao zinaanza Novemba, watu wawili kwa wiki, mmoja lazima awe anajua kusoma digrii. Mwaka jana nilizijaza kwa kubembeleza. Karatasi iko kwa katibu, naomba majina kabla ya chai.