Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Kazi ya Wakili Baada ya Hukumu

Ndugu Wanachama,

Kumbukumbu za vikao vya kamati mmekwisha kuzipokea, kwa hiyo sitazirudia. Taarifa hii ninaitoa juu ya utumishi wa Dora Byamukama, wakili wa Uganda ambaye mijadala yetu ya mwaka mzima imekuwa ikimrejea. Alikuwa mbunge wa Mwenge Kusini kuanzia 2001 hadi 2006, kisha akaiwakilisha nchi yake katika Bunge la Afrika Mashariki kwa vipindi viwili, hadi 2017.

Shirika la kutetea haki za wanawake aliloliongoza, Law and Advocacy for Women in Uganda, lilifungua mashauri katika Mahakama ya Katiba, na Aprili 2007 mahakama ikabatilisha kifungu cha zina kilichomtia hatiani mke aliyezini na mwanamume yeyote, ilhali mume alikuwa na kosa endapo tu mwanamke huyo alikuwa mke wa mtu. Uamuzi huo ulifuta pia vifungu vya Sheria ya Mirathi, kikiwemo kile kilichogawa mali ya mwanamume aliyefariki bila wosia, mjane akipata asilimia 15, pasipo kuweka mgawanyo wowote wa mali ya mwanamke aliyefariki.

Ulikuwa ushindi mkubwa. Hata hivyo, Bunge la Uganda halikurekebisha Sheria ya Mirathi hadi mwaka 2022, maana yake ni kwamba kwa miaka 15 mjane aliyekwenda kudai haki yake alikuta vifungu vimefutwa na mahali pake hapajawekwa kitu. Jambo hili limenisumbua kuliko yote niliyosoma mwaka huu.

Katika suala la ukeketaji mambo yalikwenda vizuri zaidi, kwani Mahakama ilipoutamka kuwa kinyume cha Katiba, Julai 2010, Bunge lilikuwa limekwisha kuupiga marufuku. Lakini Wapokoti, kabila lenye desturi hiyo, wanaishi pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Kenya, na sheria ya Kenya ilikuja 2011, huku ile ya Tanzania ya 1998 ikimlinda msichana aliye chini ya miaka 18 pekee. Binti akivushwa mpaka, anavushwa pia kutoka sheria moja hadi nyingine. Ndiyo sababu Byamukama aliwasilisha muswada wa kupiga marufuku ukeketaji katika Jumuiya nzima ya Afrika Mashariki, ambao Bunge la Afrika Mashariki liliupitisha Januari 2017, ingawa kwa mujibu wa Mkataba ulioanzisha Jumuiya hiyo muswada hauwi sheria mpaka uridhiwe na wakuu wa nchi zote wanachama.

Sisi huyafunga majalada yetu siku ya hukumu. Kamati inapendekeza, na itaomba kura yenu katika ajenda ya tano, kwamba kuanzia mwaka ujao jalada la shauri la kikatiba lisifungwe kabla chama hakijaandaa rasimu ya kifungu mbadala na kuikabidhi kwa kamati ya Bunge inayohusika.

Mwenyekiti