Mwambie Rashidi kuhusu Bill Withers

Tanga, Jumapili baada ya alasiri

Kwako shoga yangu Mwanaisha,

Salamu nyingi zikufikie hapo Mombasa ulipo, wewe, baba watoto na wanangu wote. Ama sisi huku hatujambo. Vuli imeanza, na safari hii paa halivuji, alhamdulillahi.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa jikoni nakuna nazi, nikaiacha juu ya mbuzi nikabaki nimeduwaa. Kwamba Rashidi wako alisimamishwa mbele ya darasa asome, neno likamkwama, mwalimu akamwambia "basi tutakusubiri mpaka kesho," na darasa zima likaangua kicheko. Kwamba tangu siku hiyo mtoto hanyooshi mkono, na hata dukani anaandika kwenye simu anachotaka kisha anamwonyesha muuzaji. Mtoto wa miaka 13, Mwanaisha! Nilitaka kukupigia palepale, nikajua nitaishia kulia. Bora niandike, maana nina kisa kirefu cha kukupa, na sikupi kwa kukubembeleza tu.

Unamkumbuka marehemu baba. Nyie mliokuwa mkija kwetu wikiendi mlikuwa mkimwogopa, mkisema mzee mkali, hasemi na mtu. Baba hakuwa mkali hata kidogo. Alikuwa na kigugumizi, na kukaa kimya ndiyo njia aliyoichagua ya kukificha. Adui yake mkubwa ilikuwa herufi K. Mama, kama unavyojua, aliitwa Khadija, na baba miaka yote alimwita Mama Tunu. Majirani walidhani ni heshima tu ya mume kwa mkewe. Ilikuwa heshima, lakini pia ilikuwa lile jina la Khadija, ambalo ulimi wake haukulimudu. Mama alilijua hilo na hakuwahi kulitaja mbele ya mtu mpaka siku tuliyomzika baba.

Basi mwaka 1975, mimi nikiwa bado natambaa, baba alirudi na meli kutoka Rotterdam na santuri moja. Ninayo mpaka leo, iko hapa mezani ninapoandika. Kwenye jalada amesimama mwanamume mweusi kando ya ukuta wa matofali, mkononi kashika kisanduku cha chakula cha mchana. Hana suti wala vito. Ukimtazama utasema fundi anangoja king'ora cha kurudi kazini, na kweli ndivyo alivyokuwa. Picha ilipigwa kiwandani kwake, Burbank huko California, wakati wa mapumziko. Kazi yake ilikuwa kufunga vyoo ndani ya ndege. Jina lake Bill Withers, umri wake miaka 32, na hiyo ndiyo santuri yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1971.

Mtu huyu alikuwa na kigugumizi, shoga yangu. Si cha kupita, kile hasa.

Alizaliwa tarehe 4 Julai 1938 katika kijiji cha Slab Fork, jimbo la West Virginia, mahali pa machimbo ya makaa ya mawe. Baba yake alikuwa mchimbaji. Bill ndiye kitinda mimba kati ya watoto sita, na alipofika miaka 13, umri huuhuu wa Rashidi, baba yake akafariki. Aliyembeba zaidi akawa bibi yake. Baadaye alimtungia bibi huyo wimbo, na kitu anachokiimba humo ni mikono yake tu: inavyopiga makofi kanisani Jumapili asubuhi, inavyopiga tari, inavyouma na kuvimba, inavyomwinua mjukuu akianguka. Mwanzo wa wimbo anaguna tu, hana neno. Mwaka 1996 vijana wa kundi la Blackstreet waliuchukua ule mguno wakaujengea wimbo wa disko uliovuma dunia nzima. Mimi na wewe tuliucheza mpaka viatu vikatutoka, tukiwa hatuna habari kwamba tunacheza mikono ya bibi wa mtu.

Alipofika miaka 17 alijiunga na jeshi la wanamaji, akakaa miaka 9. Huko ndiko alikoanza kupambana na ulimi wake. Mwenyewe alieleza kwamba aligundua kigugumizi chake kilikuwa kinatokana na hofu ya yule anayemsikiliza: alikuwa anampandisha juu mno msikilizaji na kujishusha yeye. Alipoanza kuwatazama watu kama watu wenzake, maneno yakaanza kupata njia. Haikuwa kwa siku moja, alikuwa ameshakaribia miaka thelathini. Hili mwambie Rashidi polepole, tena mkiwa wawili, si mbele ya ndugu zake.

Alitoka jeshini mwaka 1965, na mwaka 1967 akahamia Los Angeles. Mchana yuko kiwandani, usiku anajifundisha gitaa alilolinunua kwa bei ya chini katika duka la rehani, na mshahara wake anaudunduliza ili alipie muda wa studio. Kila mwenye kampuni ya santuri aliyempelekea nyimbo zake alimkataa, mpaka zikamfikia Clarence Avant, mwenye kampuni ndogo iliyoitwa Sussex. Huyo akamkabidhi kwa mwanamuziki Booker T. Jones aisimamie kazi. Fikiria: mtu hajawahi kuwa mwanamuziki, anaingia studio kukutana na wapigaji wakubwa wa muziki kutoka mji wa Memphis. Na hata hapo kazi ya kiwandani hakuiacha, maana hakuiamini biashara ile.

Sasa nifike ninapotaka kufika. Kuna wimbo humo, ule wa jua lisilowaka mwanamke anapoondoka, Ain't No Sunshine. Hata wewe unaujua. Katikati ya wimbo Bill alikuwa na nafasi aliyopanga kuitungia ubeti mwingine. Wakati wa kurekodi, maneno hayo hajayaandika bado, kwa hiyo akaijaza ile nafasi kwa kurudiarudia maneno mawili, "I know". Najua, najua, najua. Alipomaliza akataka kwenda kuandika ubeti wake, wale wazoefu wakamwambia usiguse, uache hivyohivyo. Nimehesabu kwa kidole mara nyingi, ni mara 26. Anarudia bila kuvuta pumzi vizuri, mpaka unahisi mtu mwenyewe amekwama humo ndani na hawezi kutoka.

Mwanaisha, mimi siwezi kuusikia wimbo ule nisimfikirie mtoto anayesimama darasani neno limemganda mdomoni, analirudia, analirudia, na wenzake wanacheka. Kitendo ni kilekile, kulirudia neno kwa sababu lile linalofuata haliji. Kwa Rashidi waliona aibu. Kwa Bill Withers, dunia nzima ilinyamaza ikasikiliza, na mwaka 1972 wakampa tuzo ya Grammy kwa wimbo huo. Sikuambii kwamba alikusudia hivyo, hayo ni masikio yangu. Ila naamini kwa dhati kwamba mtu aliyehangaika na kila neno tangu utoto hawezi kuwa mbadhirifu wa maneno. Zisikilize nyimbo zake: hakuna pambo, hakuna neno lililokuja kujaza nafasi. Waimbaji wengine wa soul, ule muziki wa Wamarekani weusi, walikuwa na makelele matamu, jasho, magoti chini. Yeye alisema jambo akanyamaza.

Na baba alikuwa anajua. Ijumaa baada ya chakula cha mchana alikuwa akifuta santuri kwa kitambaa cha flana, anaishusha sindano taratibu, anakaa kwenye kile kiti cha ukili karibu na dirisha. Sehemu ya "I know" ikifika, anaimba. Kwa sauti! Mara zote 26, hajikwai hata mara moja. Mimi mtoto nilidhani anafurahi tu. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikajifunza kwamba wenye kigugumizi wengi wakiimba ulimi hufunguka. Wakati ule ndani ya wiki ndio pekee nyumba yetu iliyoisikia sauti ya baba ikitiririka. Mama aliacha vyombo akaja kusimama mlangoni. Nilikuwa namwona uso, na sikumwelewa.

Kuna jambo jingine kuhusu baba na muziki huu. Alikuwa kijana Dar es Salaam mwaka 1969, soul ilipopigwa marufuku mjini, ati inaharibu maadili ya vijana. Alinihadithia mara moja tu, kwa taabu, jinsi alivyokuwa akizificha santuri zake za zamani chini ya kitanda. Sikubaliani na amri ile mpaka kesho. Ule ulikuwa muziki wa watu waliokulia kwenye makanisa ya vijijini na migodi ya makaa, wakisema yaliyowafika.

Turudi kwa Bill. Wakati santuri inatoka, kiwandani walikuwa wamempunguza kazini. Kisha zikamfikia barua mbili siku moja. Ya kwanza inamwita arudi kiwandani. Ya pili inamwalika kwenye kipindi cha televisheni cha Johnny Carson, kilichokuwa kikitazamwa na Marekani nzima. Wimbo ulipouza mpaka ukapewa hadhi ya dhahabu, kampuni ya santuri ilimzawadia choo cha rangi ya dhahabu, ukumbusho wa kazi aliyotokea.

Mwaka uliofuata akatunga Lean on Me. Alikuwa amejinunulia kinanda kidogo cha umeme, naye kinanda hakijui, vidole vyake vikawa vinapanda na kushuka hatua kwa hatua tu, na huo ndio mdundo wenyewe. Maneno ni ya watu wa kwao West Virginia, ambako jirani akikwama mnakwenda. Ulishika namba moja Marekani Julai 1972. Tuliuimba kwenye kwaya ya bweni, unakumbuka? Wewe ulishika sauti ya pili, na yule matroni akafuta machozi kwa ncha ya kanga akidhani hatumwoni.

Oktoba mwaka huohuo aliimba katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York, na katika tamasha lile kuna wimbo mmoja ambao mimi nauweka juu ya yote. Ni wa kijana aliyepigwa risasi vitani Vietnam, mkono wa kulia hauna kazi tena, na hajui kuandika kwa kushoto. Anamwomba mtu amwandikie mama yake barua. Ndiyo hiyo tu, barua ya mtu asiyeweza kuandika, imeimbwa na mtu aliyekuwa hawezi kusema. Ninapouanza huwa naweka kazi chini.

Septemba 1974 alifika hata huku kwetu Afrika, Kinshasa, kwenye tamasha la siku tatu lililoandaliwa kuambatana na pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Pambano lenyewe liliahirishwa mpaka mwisho wa Oktoba kwa sababu Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini, lakini muziki ukapigwa. James Brown alikuwepo, B.B. King, Miriam Makeba, Franco, Tabu Ley. Ipo filamu ya tamasha lile. Katikati ya ngoma na tarumbeta zote zile, utamwona Bill yeye na gitaa lake, anaimba kwa upole.

Baadaye kampuni kubwa iliyomchukua ilimchosha. Wakubwa wake walitaka kumfundisha aimbe nini, hata wakamshauri arudie wimbo wa Elvis Presley. Mwaka 1985 akatoa albamu ya mwisho, akarudi nyumbani kulea watoto. Hakurudi tena, ingawa waliendelea kumwita. Wengine husema alipotea. Mimi nasema mtu aliyeanza akiwa na ufundi mkononi hakuwa na sababu ya kumwogopa mtu. Alifariki tarehe 30 Machi 2020, moyo, akiwa na miaka 81. Ilikuwa wakati wa korona, watu wamejifungia, na huko kwao walikuwa wakiimba Lean on Me kwa ajili ya wauguzi.

Ipo filamu ya maisha yake iliyotoka 2009. Kuna mahali humo anakaa na vijana wenye kigugumizi, anawasikiliza wanavyohangaika na maneno yao, na machozi yanamtoka mzee yule. Mtafutie Rashidi sehemu hiyo kwanza, kabla ya nyimbo.

Halafu nakuomba mambo mawili, shoga yangu. Neno likimkwama, usimmalizie. Najua unafanya kwa huruma, hata mama alikuwa anamfanyia baba, lakini msubiri, mtazame usoni kama vile una siku nzima. Na uende shuleni ukazungumze na huyo mwalimu, wewe na baba yake pamoja, msimtume mtoto na barua.

Nyimbo nimezirekodi kutoka kwenye santuri yenyewe, na mikwaruzo yake yote, nitakutumia usiku bando likirudi. Santuri nitakuja nayo Idi nikijaaliwa, nimwachie Rashidi. Mwambie ile sehemu ya "I know" aifanyie mazoezi, maana kile kiti cha ukili ninacho, na tangu baba aondoke hakuna aliyekikalia akaimba.

Nibusie wanangu.

Wasalaam,
ni mimi shoga yako,
Tunu